Mzee Aliyefunga Mlango Mchana

Neno "wasiojiweza" silipendi, na mkilitumia mbele yangu tutakosana. Miaka ya sabini lilikuwa limeandikwa kwenye kila faili ofisini kwetu Ustawi wa Jamii, Mbeya: wazee wasiojiweza. Mtu amelima tangu enzi za Mjerumani, amebebeshwa mizigo ya vita vya wazungu, amezaa, amezika, amelipa kodi ya kichwa mpaka ikafutwa, halafu anakuja binti aliyetoka chuoni juzi, kavaa sketi ya kuazima, anamwandika "asiyejiweza". Binti mwenyewe ndiye mimi.

Ninyi mnaosomea kazi hii leo mna vyuo, mna sera, mna semina zenye chai na maandazi. Sisi tulikuwa na Bwana Mgaya. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, Mbena wa kule Njombe, mfupi, na kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alikuwa mkali kama nini, lakini yote ninayoyajua kuhusu wazee alinifundisha yeye, mengi akiwa ananifokea.

"Ukifika kwa mzee," alikuwa akisema, "usianze kumtazama mzee. Tazama njia ya kwenda mlangoni kwake. Kama imeota majani, ujue hana mtu anayekuja. Kisha kaa chini kuliko yeye, hata kama sketi yako itachafuka. Na usimuulize ana watoto wangapi! Atakuhesabia mpaka waliokufa, utakuwa umemliza kabla hujamjua jina. Muulize nani anamletea kuni."

Hilo la kuni lishikeni. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu chakula, kuhusu pesa, hata kuhusu watoto wake. Kuni zipo au hazipo, na utaziona mwenyewe.

Siku moja tulikwenda naye kwa bibi mmoja aliyekuwa akikaa peke yake karibu na barabara. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemchangia sukari, sabuni na gauni la mitumba, wakatuomba tuwasindikize kumkabidhi. Wakaimba, wakaomba, wakampangia vitu vyote miguuni. Bibi akavitazama kimoja kimoja, akauliza, "Na ugoro uko wapi? Mimi niliomba ugoro." Weee! Wale mama wakanuna, maana ugoro kwao ni dhambi. Bwana Mgaya akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kikopo chake mwenyewe, akampa. Bibi alipiga chafya akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ndipo akaanza kutueleza shida zake za kweli.

Mambo ya ugoro ni ya kuchekea. Hili ninalotaka kuwaeleza sasa sijawahi kulicheka, ingawa mle ndani mna kuku wa kuchekesha. Ni habari ya Mzee Mwasandube wa Usangu. Wenzangu wa wakati ule wengi wameshatangulia, na nikifa mimi hakuna atakayewaambia.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Ninyi mnaisoma shuleni kwa kurasa mbili. Watu waliambiwa watoke walikotawanyika, waje wakae pamoja kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari, ili wapate shule, maji na zahanati. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine waliona nyumba zao zikibomolewa. Mimi sitaki kubishana na mtu kuhusu siasa, nimeshazeeka. Nasema tu kwamba aliyepima ile mistari kwa kamba alikuwa anajua kupima. Kuuliza nani ni nani kwa nani, hakuuliza.

Kule Usangu, Wanyakyusa wengi walikuwa wameteremka kutoka Rungwe miaka mingi nyuma kufuata mashamba ya mpunga. Mimi ni Mhehe, nyumbani kwetu Iringa mkwe tunamheshimu vizuri tu. Lakini heshima ya Mnyakyusa kwa mkwe ni kitu kingine. Mwanamke akiolewa, haruhusiwi kuonana na baba mkwe wake. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawapishani njiani. Akimsikia anakuja, anajifunika nguo kichwani na kukimbilia kichakani. Hata jina lake halitamki. Naye baba mkwe vilevile anamkwepa. Wala si ugomvi. Ndivyo wanavyopendana, kama mnaweza kunielewa.

Ndiyo maana zamani wazee wao walijenga peke yao, marika yao pamoja, na vijana na wake zao wakajenga kwingine. Mzee Mwasandube alikuwa amejenga hivyo hivyo, jirani na rafiki yake, Mzee Mwakatobe, ng'ambo ya kijito. Alikuwa mjane. Mke wa Mwakatobe ndiye aliyempikia, na mwanawe Ambokile aliishi upande wa pili wa kijito na mkewe Tusekile.

Ikaja kamba. Bwana mpima akasikia kwamba huyu ni baba na huyu ni mwana, akafurahi. "Mzee awe karibu na mwanawe," akasema, akawapa viwanja viwili vinavyopakana. Mlango kwa mlango! Mwakatobe akatupwa mwisho wa mstari wa pili, kule kwenye mfereji, huko kukiwa mwendo mrefu kwa miguu ya mzee. Na Ambokile, baada ya kumaliza kumjengea baba yake, akaenda zake Makongolosi kutafuta dhahabu. Akawaacha wawili wale, mzee na mkamwana, na kitoto kichanga mgongoni.

Taarifa tulizozipata Mbeya hazikuwa hizo. Tuliambiwa tu kwamba kuna mzee anakufa njaa huku mke wa mwanawe anakula na kushiba nyumba ya pili, na kwamba mwenyekiti wa kijiji anaomba mzee huyo achukuliwe, apelekwe kwenye makao ya wazee mkoani Iringa. Bwana Mgaya akanituma. Nilipanda lori la mpunga mpaka Igurusi, nikatembea kutoka hapo, jua la Usangu likinichoma utosini, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia huyo mwanamke katili.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani, Mama Kabula, Msukuma. Wao walikuwa wameteremka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, kijiji kikawameza nao.

"Wewe ndiyo wa serikali?" akaniuliza. "Afadhali umekuja. Mimi mambo ya Wanyakyusa siyajui, ila huyu binti anatega dawa."

"Dawa gani?"

"Kila jioni anaweka chakula kwenye kigoda, hapo katikati ya nyumba mbili. Anakohoa, halafu anakimbia. Sasa chakula gani hicho cha kukimbiwa? Watoto wangu nimewakataza kupita hapo."

"Na nani anakila?"

Akainamisha kichwa. "Kuku wangu. Wamenenepa kweli. Lakini mayai yao siyali, naogopa."

Nikaenda kwa mzee. Ilikuwa saa za mchana, joto la kupika ugali, na mlango wake ulikuwa umefungwa ndi. Nikapiga hodi. Sauti ikauliza kutoka ndani, "Mkwe wangu yuko nje?" Nikasema simwoni mtu. Ndipo komeo likatolewa, mlango ukafunguka kidogo tu, akaniingiza upesi na kuufunga tena.

Giza, joto, harufu ya mtu aliyekaa ndani muda mrefu. Nikakaa chini kama nilivyofundishwa, nikamsalimia "Ugonile, tata" kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza. Akafurahi, akaniitikia. Alikuwa mtu mrefu, mifupa mitupu, lakini kanzu yake safi na ndevu kazichana. Hakufanana na mtu wa kuhurumiwa hata kidogo, na hilo lilinichanganya.

"Baba, mbona umejifungia na joto hili?"

"Nikitoka mimi, yeye atapita wapi?" akasema. "Maji yako kule, anapita hapa mbele. Kuni ziko kule, anapita hapa mbele. Mimi nina kazi gani nje? Mwenye kazi ni yeye."

"Lakini unashinda na njaa."

"Nani kasema? Chakula kinapikwa kila siku. Mimi nangoja mpaka nijue amefika mbali, halafu nafungua. Miguu yangu mizito. Kama kuku wanawahi, hilo kosa la kuku." Kisha akaninyooshea kidole, akakunja uso. "Wewe mtoto, sikiliza. Mkwe wangu hana kosa. Ukimsema vibaya, toka nyumbani kwangu."

Maneno yangu yote makali niliyoyapanga njiani yaliishia hapo. Nikamuuliza anataka nini. Aliniambia bila kusitasita: kile kiwanja kitupu kando ya Mwakatobe, kule kwenye mfereji. Apewe hicho, atajenga kibanda chake, mke wa Mwakatobe atampikia, na Tusekile atapumua. Hakutaka kitu kingine cha serikali. Nilipomtajia makao ya Iringa akasema polepole, "Huko ni kwa watu wasio na watu. Mimi nina watu. Nimewekwa vibaya tu."

Tusekile nilimkuta mferejini akifua. Msichana mdogo kuliko mimi, macho yamedumbukia ndani. Alipojua natoka nyumba ile, aliinama mpaka uso ukakaribia maji.

"Dada, watu wananiita mchawi," akasema. "Nikitaka kuanika mpunga, nasikiliza kwanza kama amekohoa ndani. Nikitaka kukaa kwenye upepo nimnyonyeshe mtoto, siwezi. Nikipika natetemeka. Na ninajua yumo mle, anachemka na joto kwa ajili yangu. Tunahurumiana mpaka tutauana."

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, ingekuwaje kama wangeonana mara moja tu, kwa bahati mbaya.

"Usiseme hivyo." Akamshika mtoto mgongoni. "Tulishaonana. Wiki ile tulipohamia, nimekunja kona, naye huyo hapo. Mtoto wangu wa kwanza akashikwa na homa, hakumaliza wiki."

Nilikuwa nimetoka chuoni, nikafungua mdomo nimweleze habari za mbu na malaria. Nikaufunga. Mtu amekuonyesha kaburi la mwanawe, wewe unamtolea somo la afya? Nilikaa naye tu tukasuuza nguo.

Najua mtakachouliza, vijana huwa mnauliza. Kwa nini wasibadilishane nyumba na jirani, mambo yakaisha? Kwa sababu mwaka ule hukuhama hata hatua chache bila ruhusa ya mkutano wa kijiji. Watu walikuwa wameanza kurudi usiku usiku kwenye mahame yao, na viongozi walikuwa wanaogopa kwamba wakimruhusu mmoja, mstari mzima utafumuka. Na Mwakatobe hakuweza kumchukua, nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, yeye na mkewe. Ombi la kiwanja lilipaswa kusemwa mkutanoni, na mwenye ombi mwenyewe.

Haya, sasa tazameni mtego huo. Mkutano ni wa watu wazima wote wa kijiji, na ndiyo haki yao, kila mmoja na mdomo wake. Mzee ni raia, na Tusekile ni raia. Mzee akienda mkutanoni, Tusekile lazima aondoke. Tusekile akienda, mzee hawezi kufika. Kwa hiyo tangu kijiji kianze mzee hakuwahi kukanyaga mkutanoni hata mara moja. Alikuwa anamwachia Tusekile, kwa kuwa Tusekile ndiye mwenye kulima. Na wanakijiji wakamwona mzee mwenye kiburi, asiyependa maendeleo.

Nikamwendea mwenyekiti. Kijana, suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni. Sitaki kumfanya shetani, naye alikuwa anasukumwa kutoka juu, akilala anaota mistari. Lakini alinikera.

"Ndugu Bibi Ustawi," akaniambia, "hayo ni mambo ya kizamani. Hapa tunajenga kijiji kipya. Mimi nikisikiliza Wanyakyusa na wakwe zao, kesho Wasangu watakuja na yao, kesho kutwa Wasukuma watataka kijiji cha ng'ombe. Wewe mchukue mzee, huko Iringa atalala kitandani, atakula mara tatu. Si ndiyo kazi yenu?"

"Kazi yetu si kuhamisha watu kama magunia," nikamjibu.

"Basi aje mkutanoni aseme."

Nikarudi Mbeya nikiwa na hasira. Bwana Mgaya alinisikiliza mpaka mwisho bila kunifokea, ndipo nikajua jambo ni zito. Tulimtumia mtoto wa mzee ujumbe Makongolosi kupitia kwa madereva. Jibu likaja baadaye kwa njia ile ile: baba akae tu hapo, Tusekile yupo. Bwana Mgaya aliposikia alitema mate chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

Akatunga mpango. Mkutano ulikuwa ukifanyika uwanjani mbele ya ghala la kijiji. Mzee angekuja kwa njia ya nyuma, akae nyuma ya ukuta wa ghala, aseme kutoka pale. Sauti yake ingefika, macho yasingekutana. Tukamuuliza mzee, akasema inafaa. Tukamuuliza Tusekile, akasema yeye atakaa katikati ya akina mama, ajifunike, na asikilize kama hasikii. Mke wa Mwakatobe ndiye aliyekwenda na kurudi kati yao, mpaka wakapatana hata mzee apite njia ipi. Nilijiona nimeshaiweza kazi.

Siku ya mkutano watu walikuwa wengi, kwa sababu baada ya mambo ya viwanja mashamba ya mpunga yangegawiwa. Mzee tulimpeleka mapema, akakaa kwenye gogo nyuma ya ghala, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amevaa koti juu ya kanzu. Tusekile akaja baadaye, akaketi na wenzake.

Mwenyekiti akaita, "Ndugu Mwasandube. Yuko wapi?"

Bwana Mgaya akasimama, akavua kofia yake ya sufu. "Yuko nyuma ya ghala, ndugu mwenyekiti. Atasema kutoka huko, sote tutamsikia."

Watu wakaangua kicheko. Wanyakyusa hawakucheka, lakini walikuwa wachache.

"Ndugu Mgaya," akasema mwenyekiti, "serikali ya kijiji haiongei na ukuta. Raia anakuja mbele, anaonekana, anasema. Au mzee amekuwa jini?"

Kicheko tena. Nikasimama. Nikasema mkazi mtu mzima ana haki ya kusikilizwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima atazamwe usoni. Mwenyekiti akaniambia mgeni hana sauti kwenye mkutano. Kweli, sikuwa nayo. Nikakaa.

Ndipo Tusekile akasimama. Alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akavuta kanga mpaka usoni, akaanza kuondoka ili mzee apate kuja mbele. Mimi nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshakasirika, na mtu akikasirika mbele ya watu wanaocheka hujikuta amesema asilolipanga.

"Anayeondoka aondoke," akasema kwa sauti kubwa, "lakini shamba la mpunga tunawagawia waliopo. Asije akalia kesho."

Tusekile akasimama pale pale, mguu mmoja mbele. Bila shamba mwaka ule, yeye na mtoto wangekula nini? Mume hayupo, na kule walikotoka kulishakuwa pori. Akamwangalia mke wa Mwakatobe. Akaangalia ghala. Kisha, Mungu wangu, akainua mguu akaendelea kuondoka.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Haikuwa kubwa, ila ilisikika mpaka kwa waliokaa mwisho. Alisema kwa Kinyakyusa, akimwambia rafiki yake, si mkutano. Mke wa Mwakatobe alinitafsiria baadaye: "Mwakatobe, mwambie mtoto akae chini. Mimi nakwenda nyumbani."

Tukasikia fimbo yake. Tuliisikia ikigonga chini, polepole, upande wa nyuma, mpaka ikapotea.

Tusekile akaketi. Sikumwona akilia, kanga ilikuwa imemfunika yote. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa kuwa mwenye ombi hayupo, na kwa kuwa hali ya mzee inajulikana, anapendekeza akabidhiwe Ustawi wa Jamii apelekwe makao. Wanaokubali? Mikono ikapanda. Mama Kabula aliuinua wake, akatutazama, akaushusha. Mwakatobe alikaa ameegemeza kidevu kwenye fimbo, hakuinua kitu. Halafu wakaingia kwenye mpunga, na Tusekile akapewa shamba lake, zuri, karibu na maji.

Nilitaka kwenda kumzaba kofi yule kijana. Bwana Mgaya alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Tulipeleka malalamiko wilayani, tukaambiwa uamuzi wa mkutano wa kijiji ni sauti ya wananchi, na ofisi haiwezi kuupindua. Na sisi wenyewe ndio tuliopewa Landrova ya kumchukua. Hiyo ndiyo kazi yetu, wanangu. Kuna siku unashindwa, na kushindwa kwenyewe unatumwa ukakutekeleze wewe.

Tulifika asubuhi. Mzee alikuwa tayari, kifurushi kidogo, mlango umefungwa kama kawaida. Mke wa Mwakatobe alimfikishia Tusekile habari ili ajifungie ndani wakati mzee akipita kwenda kwenye gari. Akapita. Alitembea wima, akaagana na Mwakatobe kwa kushikana mikono muda mrefu, akapanda nyuma, nikakaa naye. Dereva akawasha gari.

"Mwambie azime," mzee akasema. Kisha akaliona blanketi la ofisi pale kwenye kiti. "Nipe hilo. Nifunike mpaka miguuni. Halafu nenda umwambie atoke."

Nikamfunika mwili mzima, kichwa na vyote, katika joto lile. Nikaenda kumwita Tusekile. Akatoka kwa woga, akaliona lile blanketi limekaa kwenye gari, akaelewa. Akaja mpaka mlangoni mwa gari, karibu kabisa, nadhani hakuwahi kumkaribia vile tangu aolewe. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. Mimi nikamwingiza mtoto chini ya blanketi.

Humo ndani tulisikia mzee akinong'ona na mtoto akicheka. Tusekile alipiga magoti mchangani. Alinitazama mimi, akasema, "Mwambie ndaga fijo." Asante sana, kwa Kinyakyusa.

Mzee alikuwa hapo hapo, mkono ungemfikia. Alikuwa amesikia. Lakini alingoja mpaka nikamwambia: "Baba, mkwe wako anasema ndaga fijo." Ndipo kichwa kikatikisika chini ya blanketi, na mtoto akarudishwa nje, nywele zimelowa jasho.

"Ameshaingia ndani?" akauliza baada ya muda.

"Bado amepiga magoti, baba."

"Basi twende hivi hivi."

Tukaenda. Alikaa amefunikwa kijiji chote, mashamba yote, mpaka tukatokea barabara kuu. Nilikuwa nalia, sina hata haya ya kuwaambia. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Mzee, tumeshatoka. Jifunue upate hewa."

Hakujifunua mara moja. Akauliza, "Na huko Iringa kuna mke wa mtoto wa mtu?"

"Hapana, baba. Kuna wazee watupu."

Akalishusha blanketi taratibu mpaka magotini, jasho likimchuruzika, akaitazama ile barabara. "Sasa huko," akaniuliza, "mimi nitamheshimu nani?"

Alifariki kule masika yaliyofuata.